Kinachomaliza Vijiji vya Japani si Uzazi Pekee

Mwaka 2005 Japani ilipata watoto 1,062,530. Mwaka 2022 ikapata 770,759. Ukiuliza kilichotokea katikati, wengi watajibu bila kusita kwamba wanawake wa Kijapani wamezidi kugoma kuzaa. Lakini kiwango cha uzazi, yaani wastani wa watoto ambao mwanamke angezaa maishani kwa mwenendo wa mwaka husika, kilikuwa kilekile miaka yote miwili: 1.26. Kati ya mwaka mmoja na mwingine, waliopungua ni akina mama wenyewe.

Jambo hili hupotea kwenye vichwa vya habari. Kiwango cha uzazi hutangazwa kana kwamba kinatosha kueleza kila kitu: Tanzania 4.8 na Kenya 3.4 kwa tafiti za mwaka 2022, Japani 1.15 mwaka 2024, na takriban 2.1 ndiyo inayohitajika ili kizazi kijirithi. Tarakimu hiyo haikuambii wanawake wenyewe ni wangapi, wala wanaishi wapi.

Tupige hesabu ndogo. Chukua vijiji viwili, kila kimoja kina wasichana 100. Katika kijiji cha kwanza hakuna anayehama, ila kila mmoja anazaa wastani wa watoto 1.4. Kizazi kinachofuata kitakuwa na wasichana kama 68, na kinachofuata hicho 46. Katika kijiji cha pili uzazi ni mzuri kabisa, 2.1, ila wasichana 40 kati ya kila 100 wanaondoka wakimaliza shule na hawarudi. Waliobaki 60 watazaa wasichana 60. Hao nao watapungukiwa 24, na kizazi cha pili kitakuwa na wasichana 36. Kijiji chenye uzazi mzuri kimekwisha haraka kuliko chenye uzazi duni. Sasa yaunganishe maradhi hayo mawili mahali pamoja: 100, kisha 41, kisha 17. Hali ya mikoa mingi ya Japani inafanana na hii ya mwisho.

Kuhama kwenyewe si kugeni. Kuanzia mwaka 1954 hadi 1975, treni maalumu zilikuwa zikibeba vijana kutoka mikoa ya kaskazini kama Aomori na kuwashusha stesheni ya Ueno, Tokyo, kwenda kufanya kazi viwandani na madukani. Wengi walikuwa wametoka kumaliza shule ya kati, watoto wa miaka 15, na waajiri waliwaita mayai ya dhahabu. Mwanzoni mwa safari hizo ni wachache waliosema vijiji vinakufa. Mwaka 1947 kiwango cha uzazi kilikuwa 4.54, na mashamba ya mpunga hayakutosha kugawiwa watoto wote kama urithi. Mkubwa alibaki na shamba, wadogo wakapanda treni. Pipa linalojazwa kila siku likivuja hutambui. Subiri maji yakatike.

Na maji yalikatika. Mwaka 1989 kiwango kilishuka hadi 1.57, taifa likashtuka, na hakikusimama hapo. Treni za Ueno zilikuwa zimeshakoma, lakini safari haikukoma. Mwaka 2024 eneo la Tokyo na mikoa jirani lilipata ongezeko la watu zaidi ya 130,000 waliotoka sehemu nyingine za nchi, baada ya kuwatoa walioondoka, na wengi wao ni vijana wa miaka ya mwanzo ya ishirini.

Tazama Akita, mkoa wa mpunga na theluji kaskazini-magharibi. Katikati ya miaka ya 1950 ulikuwa na watu takriban milioni 1.35. Mwaka 2017 ukashuka chini ya milioni moja, na sasa uko kwenye 900,000 hivi. Karibu watu 4 kati ya 10 wana miaka 65 au zaidi. Mwaka 2014 kikundi cha wataalamu kilichoongozwa na Hiroya Masuda, aliyewahi kuwa gavana wa Iwate, kilitaja halmashauri 896 kote nchini zilizo hatarini kutoweka. Kipimo chao hakikuwa kiwango cha uzazi. Waliangalia kama wanawake wa miaka 20 hadi 39 wangepungua kwa nusu au zaidi ifikapo 2040. Kati ya halmashauri 25 za Akita, moja tu ilipona: Ogata.

Inafaa kukaa kidogo na Ogata. Kijiji hiki kilianzishwa mwaka 1964 juu ya ziwa lililokaushwa, na walowezi walichaguliwa kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Wakulima wengi walipata hekta 10, baadaye 15, wakati jirani zao wa vijiji vya zamani walikuwa na hekta moja moja tu. Shamba la hekta 15 linalisha familia, linanunua trekta, na mtoto akirudi kutoka chuoni anakuta kazi inayomngoja. Sioni haja ya kutafuta maelezo ya utamaduni mahali ambapo ukubwa wa shamba unatosha kueleza.

Kiwango cha uzazi cha Tokyo nacho kilishuka hadi 0.99 mwaka 2023, na makelele yakaanza kwamba jiji hilo ni shimo linalomeza wanawake wasizae tena. Ni kweli nusu. Chukua msichana aliyetoka Akita akiwa na miaka 18, akasoma, akaajiriwa, akapanga chumba kimoja. Nchini Japani watoto wanaozaliwa nje ya ndoa ni kama 2 tu kati ya 100, kwa hiyo miaka yote kabla ya kuolewa anahesabiwa miongoni mwa wanawake wa Tokyo wasio na mtoto, na kuushusha wastani wa jiji. Akiolewa na kuhitaji vyumba vitatu, kodi inamsukuma Saitama au Chiba, na mtoto anaandikishwa huko. Akita kwa upande wake imeondokewa na wasioolewa, hivyo wastani wake unaonekana afadhali kuliko hali halisi, na hata hivyo umebaki juu ya 1 kidogo tu. Mwenye kudhani kwamba kumrudisha msichana huyo nyumbani kutamfanya azae zaidi amedanganywa na namna wastani unavyokokotolewa.

Serikali imejaribu kumrudisha. Tangu Aprili 2023, familia inayohama kutoka wilaya 23 za katikati ya Tokyo inaweza kupata hadi yeni milioni moja kwa kila mtoto. Mwaka 2024 likaja wazo la kuwapa wanawake hadi yeni 600,000 wakihamia mikoani kuolewa. Lilipingwa vikali, likaondolewa ndani ya siku chache. Na lilistahili. Wasichana hawakuondoka Akita kwa kukosa wachumba. Wanaume wasiooa ndio wamejaa huko. Waliondoka kwa sababu kazi za ofisini zenye mshahara wa kujitegemea ni chache, na zilizopo wanaume hupandishwa vyeo kwanza.

Mji mdogo wa Nagi, mkoani Okayama, hutajwa kila mara kama muujiza: kiwango cha uzazi kilifika 2.95 mwaka 2019. Walichofanya kinajulikana: matibabu bure kwa watoto hadi mwisho wa sekondari, nyumba za kodi nafuu, kituo cha kulelea watoto, na vibarua vya saa chache kwa akina mama. Ni sera nzuri, na ningependa kuziona kwingine. Lakini Nagi ina watu wasiofika 6,000, na sehemu ya mafanikio yake ni familia zilizokwisha kuamua kuzaa ambazo zimehamia pale kutoka miji jirani. Mji mmoja unaweza kushinda kwa njia hiyo. Nchi nzima haiwezi, maana familia hizo zimepungua kule zilikotoka.

Kwa hiyo anayeahidi kwamba Japani itaacha kupungua katika miaka yake ya uongozi anaahidi kisichowezekana, hata kama kesho kila mwanamke ataamua kuzaa wawili. Wanawake waliotimiza miaka 30 mwaka 2024 walikuwa sehemu ya watoto zaidi ya milioni 1.2 waliozaliwa mwaka 1994. Watakaotimiza miaka 30 mwaka 2054 nao wameshazaliwa, na hesabu imefungwa: watoto wote wa mwaka 2024, wa kike na wa kiume, ni takriban 686,000.