Kutafuta Kazi Mwenyewe au Kupitia Wakala: Yafahamu Haya Kabla ya Kusaini

Wahasibu, wafasiri, mafundi umeme na watengenezaji wa programu za kompyuta ni miongoni mwa wananchi wanaojipatia kipato kwa kazi za mkataba mfupi. Hupata kazi hizo kwa njia mbili: kumfuata mteja wenyewe au kupitia wakala binafsi wa huduma za ajira. Kila njia ina faida zake. Hata hivyo, asiyezijua haki zake anaweza kulipia asichopaswa kulipia, au kukosa anachostahili.

Anayemfuata mteja mwenyewe hupanga bei bila mtu wa kati na kujijengea jina. Kwa upande mwingine, ndiye anayebeba gharama za kutafuta kazi, kuandaa ankara na kufuatilia malipo yanayochelewa. Anapaswa pia kuwa na Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi (TIN). Kampuni inapomlipa ada ya huduma, hukata asilimia 5 ikiwa kodi ya zuio. Ni muhimu adai hati ya makato hayo, kwa kuwa kiasi hicho huhesabiwa katika kodi yake ya mwaka.

Wakala humwokolea muda na kumfikisha kwa waajiri ambao pengine asingewafikia. Shughuli za mawakala zinasimamiwa na Sheria ya Huduma za Ajira Na. 9 ya mwaka 1999 pamoja na Kanuni zake za mwaka 2014. Kanuni hizo zinamtaka wakala awe na leseni, na zinamkataza kumtoza mtafuta kazi ada yoyote. Gharama ni za mwajiri anayehitaji mtu. Kwa hiyo, anayedai fedha ya fomu, ya usajili au ya kumpeleka mtu kwenye usaili anakiuka utaratibu. Kanuni hizo zilieleza pia kuwa wakala ni kiunganishi na si mwajiri, hivyo mkataba wa ajira ulipaswa kufungwa na yule anayeitumia kazi hiyo.

Jambo linalowapotosha wengi ni jina linaloandikwa kwenye mkataba. Mtu anaweza kuitwa "mtoa huduma binafsi" ilhali anaripoti saa mbili asubuhi kila siku, anatumia kompyuta ya kampuni, anaomba ruhusa kwa msimamizi na hana mteja mwingine. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya mwaka 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, bila kujali muundo wa mkataba, hadi ithibitishwe vinginevyo, endapo ipo hata dalili moja kati ya zilizotajwa. Miongoni mwake ni kuelekezwa namna ya kufanya kazi, kupangiwa saa, kupewa vitendea kazi, kumtegemea mtu mmoja kiuchumi, au kumfanyia kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita.

Tofauti hiyo ina uzito. Mwajiriwa anastahili michango ya hifadhi ya jamii, fidia anapoumia kazini na, kwa utaratibu wa sheria, likizo ya mwaka ya siku 28. Anayejitegemea kwa kweli hana mwajiri wa kumchangia. Anashauriwa kujiunga na NSSF kama mwanachama aliyejiajiri, na kuzingatia gharama hiyo anapopanga bei ya kazi yake.

Mgogoro wa kikazi ukitokea, mwajiriwa anaweza kuufikisha Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali huwasilishwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Nakala ya mkataba, ankara, ujumbe wa maelekezo na kumbukumbu za malipo zitunzwe, kwa kuwa ndizo zitakazoonesha uhusiano halisi wa pande mbili.

Kabla ya kusaini, mwananchi ajiulize maswali matatu: Nani atanilipa? Nani ataniamuru namna na saa za kufanya kazi? Nani atachangia hifadhi yangu ya jamii? Iwapo mkataba haujibu maswali hayo kwa maandishi, aombe majibu yaandikwe kwanza.