Chembe Yenye Nguvu ya Kuinua Mfuko wa Unga

Ukiwa Gehandu, wilayani Hanang, kunjua kiganja. Takriban kila sekunde chembe iitwayo muoni hukipenya, na wala huisikii. Ni kitukuu cha mionzi ya kosmiki, yaani chembe zitokazo anga za mbali, zilizogonga hewa huko juu zikasambaratika. Panda Mlima Hanang, mita 3,420, nawe utapigwa na chembe nyingi zaidi, maana hewa ya kukukinga imepungua. Mwaustria Victor Hess aliligundua jambo hilo mwaka 1912 akiwa kwenye puto, zaidi ya mita 5,000 juu. Nobeli alikuja kuipata 1936.

Rekodi ya nguvu ya chembe moja ya mionzi hiyo iliwekwa Utah, Marekani, tarehe 15 Oktoba 1991: elektronivolti bilioni bilioni 320. Kwa lugha ya jikoni, hiyo ni nguvu ya kuinua mfuko wa unga wa kilo 5 kwa mita 1, na yote imebebwa na kitu kidogo kuliko atomu! Mtambo wa kuharakisha chembe wa CERN, pamoja na fahari yake yote, huzipa protoni zake nguvu iliyo ndogo kwa zaidi ya mara milioni 40. Nambari mbili ni chembe iitwayo Amaterasu, iliyonaswa Utah hiyo hiyo 27 Mei 2021, kwa bilioni bilioni 240 hivi.

Chembe za namna hiyo ni adimu: kilomita moja ya mraba haipati hata moja kwa karne. Ndiyo maana mtego mkubwa kuliko yote, Pierre Auger wa Argentina, umetandazwa kwenye kilomita za mraba 3,000, eneo linalozidi Unguja na Pemba kwa pamoja. Na mtego wenyewe ni nini? Matangi ya maji zaidi ya 1,600, kila moja lita 12,000.

 

Lililo gumu kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kupima uzito wa chembe hizo. Nguvu husomwa kwenye wingi wa manyunyu ya vipande vyake yanayofika chini na mwanga wake angani, usiku usio na mbalamwezi. Uzito husomwa kwenye kimo: chembe ikiwa kiini cha atomu ya chuma, huvunjika mapema, juu kabisa; ikiwa protoni, huzama zaidi. Tofauti hiyo huonekana kwa kulinganisha chembe nyingi, si moja. Basi yule bingwa wa 1991 hadi leo hajulikani alikuwa protoni au chuma.