Nguo za marehemu, kura za walio hai

Jumatatu ya Juni 6, 2022, Raila Odinga, mgombea urais wa Kenya, alipanda jukwaani katika uwanja wa Nyayo, Nairobi, kuzindua manifesto ya muungano wake, Azimio la Umoja. Uchaguzi ulikuwa umebakiza miezi miwili. Akieleza jinsi atakavyofufua viwanda vya nguo, akasema kwamba Wakenya wanavaa nguo za kutoka nje ambazo zimekwisha kuvaliwa na watu waliokufa.

Manifesto ile ilikuwa na mambo mazito, ikiwemo ahadi ya shilingi 6,000 kila mwezi kwa familia maskini. Lakini kilichovuma ni mitumba. Wachuuzi wa soko la Gikomba wakawaka, na kambi ya mpinzani wake William Ruto, iliyokuwa ikijinadi kama ya mahasla, watu wa kujitafutia riziki, ikaokota neno hilo kama pesa iliyoanguka njiani. Raila akalazimika kufafanua: hana nia ya kuwanyang'anya watu riziki, na wauzaji wa mitumba ndio watakaokuwa wa kwanza kuuza nguo zitakazotengenezwa nchini. Ufafanuzi haukuwa mbaya, ila ulikuja watu wakiwa wamekwisha kununa.

Ajabu ni kwamba mzaha wenyewe ni wa zamani. Tanzania nguo hizi ziliwahi kuitwa “kafa Ulaya”, na waliozivaa ndio waliocheka. Mtu akijitania nguo yake, ni utani. Akiambiwa hivyo na kiongozi aliyevaa suti, tena anayemwomba kura, hayo ni matusi.

Huku Nagongera, wilayani Tororo, Uganda, siasa za Kenya hazihesabiwi kuwa za ugenini. Mpaka wa Malaba si mbali, Kidhopadhola cha hapa na Kijaluo cha kina Raila husikilizana, na jina la Raila halikuhitaji kutambulishwa kwa mtu. Nguo nazo ni zile zile, ingawa sisi twaziita mivumba. Mabelo hushushwa Mombasa, yakapita mpakani kwa malori hadi soko la Owino, Kampala, kisha yakarudi kidogo kidogo kwenye masoko ya vijijini. Mikanda ya belo ikikatwa, watu huinama juu ya turubai: safi huondoka kwanza, zinabaki zenye doa na zisizo na zipu, na bei inateremka kadiri jua linavyopanda. Mama huinua sketi ya shule, akaivuta mshono, akaitazama dhidi ya mwanga. Aliyeivaa kwanza yu hai au amekufa, hilo haulizi.

Agosti 2023 kauli ile ile ikarudi, safari hii jirani kabisa na sisi. Rais Museveni, akiwa katika eneo la viwanda la Mbale, alitangaza kupiga marufuku uingizaji wa mitumba, akisema ni nguo za wafu: mzungu akifa, nguo zake hukusanywa zikaletwa Afrika. Hakuwa kwenye kampeni, wala hakuona haja ya kufafanua lolote. Marufuku yenyewe haikutekelezwa.

Na hapo ndipo ninapowalaumu wote wawili, kwa sababu hoja yao ya viwanda vya nyumbani ilikuwa na uzito. Ukanda huu wa Bukedi ulilima pamba kwa miongo mingi, na Kisumu ilikuwa na kiwanda chake cha nguo, KICOMI, kilichokufa. Mwaka 2016 marais wa Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuwanyima nafasi ya AGOA, mpango wa kuuza bidhaa huko bila ushuru, Kenya ikajitoa mapema, Uganda na Tanzania zikalegea. Rwanda pekee ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo. Huo ndio mjadala wapiga kura walistahili kuusikia. Wakapewa maiti.

Sisemi kauli hiyo ilimnyima Raila urais. Nairobi, yenye Gikomba yenyewe, alimshinda Ruto, na nchi nzima alishindwa kwa kura 233,211 kwa sababu nyingi. Alifariki Oktoba 2025, na mabelo bado yanavuka Malaba.

Mgombea atakayekuja Nagongera na hoja ya viwanda, aje ameshika shati lililoshonwa Jinja au Eldoret, alitaje bei yake mbele ya muuza mivumba. Tutamsikiliza.