Mpapatiko wa Moyo Juu ya Valvu Iliyokakamaa

Moyo wa mtu mzima mwenye afya, akiwa ametulia, hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, na mapigo hayo hufuatana kwa mpangilio kwa sababu kila pigo huanzishwa na mshtuko mdogo wa umeme unaotoka mahali pamoja katika chumba cha juu cha kulia, ukasambaa katika vyumba viwili vya juu, ambavyo wataalamu huviita atiria, kabla ya kushuka kwenye vyumba viwili vya chini, yaani ventrikali, vinavyosukuma damu kwenda mapafuni na mwilini. Katika maradhi ya mpapatiko wa atiria utaratibu huo huvunjika: umeme huzuka na kuzunguka ovyo ndani ya kuta za vyumba vya juu zaidi ya mara 350 kwa dakika, kuta hizo hutetemeka tu pasipo kujikunja, na ventrikali, ambazo hupokea sehemu tu ya ishara hizo, hupiga mbio na bila mpango. Mhudumu wa afya anayeweka vidole juu ya kifundo cha mkono cha mgonjwa wa namna hiyo hukutana na pigo moja zito, mawili hafifu, kimya kifupi, kisha matatu ya haraka, na hata akihesabu dakika nzima hapati mfuatano unaojirudia.

Katika nchi tajiri maradhi haya huwapata zaidi wazee, hasa wenye shinikizo la damu, kisukari au unene uliopita kiasi, na sehemu kubwa ya miongozo ya tiba inayosomwa duniani iliandikwa kwa kuwatazama wagonjwa hao. Hata hivyo lipo kundi jingine, la watu wenye umri mdogo zaidi, ambao moyo wao ulianza kupapatika kwa sababu valvu zake, yaani milango inayoruhusu damu kupita upande mmoja tu, ziliharibiwa na homa ya rumatiki. Utafiti wa REMEDY, uliowaandikisha wagonjwa 3,343 wa valvu za aina hiyo kati ya mwaka 2010 na 2012 katika nchi 12 za Afrika, India na Yemen, ulionyesha kwamba nusu yao walikuwa na umri usiozidi miaka 28, takriban theluthi mbili walikuwa wanawake, na zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya watano alikuwa na mpapatiko wa atiria. Hawa ni watu wenye watoto wadogo, mashamba na biashara, ambao kaya zao huwategemea kila siku, na kuwatibu kwa kuazima hesabu za wazee wa Ulaya ni kosa ambalo utabibu umechelewa kulisahihisha.

Chanzo cha yote ni koo. Bakteria aitwaye streptokoka wa kundi A husababisha mafindofindo, na mtoto wa umri wa kati ya miaka 5 na 15 asipotibiwa, askari wa mwili wake waliojifunza kumtambua bakteria huyo wanaweza kuzishambulia pia tishu za mwili zinazofanana naye kwa umbo, zikiwamo za viungo na za moyo. Viungo huvimba na kupoa bila kuacha alama, moyo hausahau. Kila homa inaporudi, valvu huongezewa kovu, na miaka kumi au ishirini baadaye, wakati ambapo mgonjwa na wazazi wake hawakumbuki tena yale maumivu ya koo, valvu huwa imekuwa nene, imekakamaa na kingo zake zimeshikana.

Valvu inayoumia kuliko zote ni ya mitrali, iliyo kati ya atiria ya kushoto na ventrikali ya kushoto. Tundu lake kwa kawaida lina upana wa sentimita 4 hadi 6 za mraba. Likipungua hadi sentimita 1.5 za mraba au chini yake, ugonjwa huhesabiwa kuwa mkali. Damu inayorudi kutoka mapafuni hulazimika kupenya katika upenyo huo, na kwa kuwa haiwezi kupita yote kwa wakati, hubanana nyuma yake, shinikizo hupanda katika atiria ya kushoto, na ukuta wa chumba hicho hutanuka na kujaa nyuzi za kovu zinazoukatiza umeme njiani. Atiria iliyotanuka na kujaa kovu ndiyo mahali hasa panapozuka mpapatiko.

Madhara ya mpapatiko kwa mwenye tundu jembamba huwa makubwa kuliko kwa mwenye valvu nzima, na sababu yake ni muda. Ventrikali hujaa damu wakati moyo umepumzika kati ya pigo na pigo, na moyo unapokwenda mbio kinachofupishwa zaidi ni muda huo wa kupumzika. Mwenye valvu nzima huweza kustahimili, kwa kuwa damu yake hupita haraka kupitia mlango mpana, lakini mwenye upenyo mwembamba anahitaji kila sehemu ya sekunde ili damu ipenye, na tena amepoteza msukumo wa mwisho ambao atiria iliyo nzima hutoa inapojikunja. Damu hubaki nyuma, maji huanza kuvuja ndani ya mapafu, na mwanamke ambaye jana alibeba ndoo ya maji kichwani bila taabu leo huhema akiwa ameketi na hawezi kulala chali usiku. Wengi hugundua kwa mara ya kwanza kuwa wana ugonjwa wa moyo katika hali kama hiyo, na si haba wanaoifikia wakiwa wajawazito, kwa kuwa mimba huongeza kiasi cha damu mwilini na kasi ya mapigo kwa wakati mmoja.

Hatari ya pili haina kelele. Damu iliyotulia huganda, na katika atiria ya kushoto kuna kijifuko kidogo pembeni ambamo damu hutulia zaidi chumba kinapotetemeka bila kujikunja. Bonge likijitenga humo na kupita kwenye ventrikali, husukumwa moja kwa moja katika mishipa mikubwa, na mara nyingi huishia kwenye ubongo likasababisha kiharusi. Uchunguzi wa muda mrefu uliofanywa katika mji wa Framingham nchini Marekani, ambao matokeo yake kuhusu jambo hili yalichapishwa mwaka 1978, ulionyesha kwamba mpapatiko usiohusiana na homa ya rumatiki huongeza hatari ya kiharusi zaidi ya mara tano, na ule unaoambatana na valvu za rumatiki huiongeza takriban mara kumi na saba. Kijana anapopooza upande mmoja ghafla, kabla jamaa hawajaanza kutafuta aliyemroga, inafaa moyo wake usikilizwe.

Kinga dhidi ya mabonge hayo ni dawa inayopunguza uwezo wa damu kuganda, na iliyotumika kwa miaka mingi kuliko zote ni warfarini. Asili yake ni ng'ombe waliokuwa wakitokwa na damu hadi kufa katika Amerika ya Kaskazini miaka ya 1920 baada ya kula majani yaliyoota ukungu. Mwanakemia Karl Paul Link wa Wisconsin na wenzake walikitenga kiini kilichosababisha vifo hivyo, na warfarini, iliyotokana na kazi hiyo, iliuzwa kwanza kama sumu ya panya mwaka 1948 kabla ya kuidhinishwa kwa binadamu mwaka 1954. Hutenda kazi kwa kulizuia ini lisiitumie vitamini K kutengeneza viambata vya kugandisha damu. Kwa kuwa kipimo cha dawa kinachomtosha mtu mmoja kinaweza kumuua mwingine, matumizi yake huongozwa na kipimo cha damu kiitwacho INR, ambacho kwa mtu asiyetumia dawa huwa karibu na 1 na kwa mgonjwa wa mpapatiko mwenye valvu ya rumatiki hutakiwa kubaki kati ya 2 na 3. Chini ya 2 bonge linaweza kutokea. Juu ya 3, na hasa juu zaidi ya hapo, hatari ya kuvuja damu ubongoni au tumboni huongezeka.

Kubaki kati ya namba hizo mbili ni kazi ya kila siku, na wahudumu wengi huieleza kwa haraka kupita kiasi. Mboga za mchicha, matembele, kisamvu na sukuma wiki zina vitamini K kwa wingi, na wagonjwa wengi huambiwa waziache, ushauri ambao ni mgumu kwa kaya inayokula mboga hizo karibu kila jioni na ambao kwa kweli hauhitajiki. Kinachotakiwa ni kuzila kwa kiasi kisichobadilikabadilika, ili dozi ya dawa ipangwe kulingana na chakula cha mtu. Dawa nyingine ni hatari zaidi kuliko mboga. Metronidazoli ya kuhara na kotrimoksazoli hupandisha INR, rifampisini ya kifua kikuu huishusha sana, na aspirini au diklofenaki inayonunuliwa kwenye duka la dawa kwa maumivu ya mgongo huongeza uwezekano wa kutokwa na damu. Mgonjwa anayetumia warfarini anapaswa kulitaja jina la dawa hiyo popote anapotibiwa, hata anapokwenda kung'olewa jino.

Mzigo huu ndio uliofanya dawa mpya zipokewe kwa matumaini zilipotokea. Dawa kama rivaroksabani hutumiwa kwa dozi isiyobadilika, haziathiriwi na mboga wala hazihitaji INR, lakini majaribio makubwa yaliyozithibitisha kwa wagonjwa wa mpapatiko yaliwaacha nje wenye tundu la mitrali lililokuwa jembamba kwa kiwango cha kati au kikali. Kwa miaka kadhaa madaktari wa Afrika na Asia walikuwa na sababu nzuri ya kuamini kwamba dawa hizo zingewafaa zaidi wagonjwa wao, ambao huishi mbali na maabara, ila hawakuwa na ushahidi.

Ushahidi ulikuja na jaribio la INVICTUS, lililoongozwa na Ganesan Karthikeyan wa New Delhi na Stuart Connolly wa Hamilton nchini Kanada, na kuchapishwa Agosti 2022. Wagonjwa 4,531 kutoka nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, wenye wastani wa umri wa miaka 50.5 na ambao zaidi ya asilimia 72 yao walikuwa wanawake, waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakapewa rivaroksabani na wengine warfarini au dawa za jamii yake, wakafuatiliwa kwa wastani wa miaka mitatu. Wengi walitarajia dawa mpya ishinde au angalau ilingane na ya zamani. Ikawa kinyume: katika kundi la rivaroksabani walifariki wagonjwa 552 kati ya 2,275, na katika kundi la pili 442 kati ya 2,256, huku uvujaji mkubwa wa damu ukiwa haukutofautiana kwa kiwango cha kutegemewa. Tofauti kubwa ya vifo haikutokana na viharusi, ambavyo vilikuwa vichache katika makundi yote mawili ingawa navyo vilizidi kwa waliotumia dawa mpya, bali ilitokana na vifo vya ghafla na vya moyo kushindwa kusukuma damu. Kwa hiyo mgonjwa mwenye valvu ya rumatiki anayeshauriwa na jamaa aliye ng'ambo aachane na warfarini atumie vidonge vya kisasa anapewa ushauri unaomfaa huyo jamaa.

Ushindi wa warfarini katika jaribio hilo ulipatikana kwa watu waliokuwa wakipimwa. Mwanzoni ni takriban theluthi moja tu ya wagonjwa waliokuwa na INR kati ya 2 na 3, na katika miaka ya ufuatiliaji sehemu hiyo ilipanda hadi kati ya asilimia 56 na 65. Katika REMEDY, ambako hali ya kawaida ya kliniki ndiyo iliyotazamwa, ni asilimia 28 tu waliokuwa ndani ya mipaka hiyo. Kidonge chenyewe ni cha bei nafuu, lakini nauli ya kwenda hospitali ya rufaa, siku ya kazi iliyopotea na ada ya maabara hukifanya kiwe ghali, na serikali inayonunua warfarini bila kupeleka kipimo cha INR karibu na wananchi imenunua nusu ya tiba. Vipo vifaa vidogo vinavyotoa jibu kwa tone la damu ya kidoleni ndani ya dakika chache, na kuviweka katika hospitali za wilaya kungewafaa wagonjwa hawa kuliko karibu kila kitu kingine kinachojadiliwa kwa niaba yao.

Kwa wanawake kuna jambo zito zaidi. Warfarini hupita kwenye kondo la nyuma, na ikitumika kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya mimba inaweza kuharibu mifupa na uso wa kijusi, lakini kuiacha bila mpango kunamweka mama katika hatari ya kiharusi. Zipo njia za kuvuka kipindi hicho, zikiwamo sindano za heparini, lakini zinahitaji mimba iliyopangwa na daktari aliyearifiwa mapema, ilhali katika REMEDY ni asilimia 3.6 tu ya wanawake wa umri wa kuzaa waliokuwa wakitumia njia yoyote ya uzazi wa mpango. Mazungumzo hayo yanapaswa kufanyika siku ile ile dawa inapoandikwa, na mume akiwapo ikiwa mke ameridhia.

Warfarini haipunguzi kasi ya moyo wala haipanui tundu. Kasi hushushwa kwa dawa kama bisoprololi, atenololi au digoksini, na valvu yenyewe, ikiwa bado ni laini kiasi na haina bonge nyuma yake, inaweza kupanuliwa kwa puto linaloingizwa kupitia mshipa wa nyonga, na ikishindikana hubadilishwa kwa upasuaji. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam na Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago, Kampala, zimewapunguzia wagonjwa wengi wa ukanda huu safari ya India. Mpapatiko uliokwisha kuzoeleka, hata hivyo, mara nyingi hubaki baada ya valvu kushughulikiwa, na warfarini huendelea.

Kabla ya yote hayo ipo penisilini, dawa ya kumzuia yule bakteria wa koo. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, watoto 818 wenye umri wa miaka 5 hadi 17, ambao kipimo cha mawimbi ya sauti kiliwakuta na dalili za awali kwenye valvu bila wao kujihisi wagonjwa, waligawanywa katika makundi mawili, moja likadungwa benzathini penisilini kila baada ya wiki nne na jingine likafuatiliwa tu. Baada ya miaka miwili ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa watoto 3 wa kundi la sindano na kwa watoto 33 wa kundi la pili. Sindano hiyo hudungwa kwenye paja au tako, huuma kwa siku moja au mbili, na hupatikana katika vituo vingi vya afya vya Afrika ya Mashariki.