Kabla Hujabomoa Banda la Uani

Msikilizaji, nyumba nyingi za zamani za Dar es Salaam zina banda uani: jiko, stoo na choo chini ya paa moja. Kuta zikipasuka na kenchi zikaliwa na mchwa, mwenye nyumba huita vijana wawili wenye nyundo na sururu. Bei hupatanwa mlangoni, na hadi adhuhuri banda liko chini. Mapatano hayo huhusu kuta tu, ilhali hatari mara nyingi iko juu ya kuta.

Tazama paa kwanza. Likiwa la mabati, jihadhari na kutu na misumari. Likiwa la mabamba mazito ya kijivu, yenye mawimbi, yasiyoshika kutu na yanayovunjika kama sahani, shuku kwamba ni asbesto, yaani saruji iliyochanganywa na nyuzi za madini. Katika karne iliyopita yalipendwa kwa kuwa hayaungui wala hayaozi. Yakiwa mazima, hatari yake ni ndogo. Nyundo ikiyapiga, nyuzi hutoka na vumbi, nyembamba hata jicho halizioni, zikaingia mapafuni na kubaki humo. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani. Ugonjwa huo huweza kuchukua miaka 20, 30 au zaidi kujitokeza. Kijana aliyelipwa ujira wa siku moja hatakumbuka tena ilikuwa uani kwa nani.

Kazi hiyo yataka mwenye vifaa na ujuzi. Leso puani haizuii nyuzi hizo. Asikanyage mtu mabamba, maana hukatika ghafla chini ya miguu. Huloweshwa maji, hufunguliwa bila kuvunjwa, huteremshwa mazima na kufungwa kwa nailoni nene. Ofisi ya mazingira ya manispaa iulizwe mapema yazikwe wapi. Vumbi lisifagiliwe kavu. Wapo wanaookota vipande wakajengee banda la kuku! Hayo ni kumhamishia jirani maradhi.

Kuta ni rahisi zaidi: hubomolewa kutoka juu kushuka chini, watoto wakiwa mbali. Anayechimba msingi kwanza huuangusha ukuta juu yake mwenyewe. Matofali mazima husafishwa yakatumika tena, na kifusi kisicho na asbesto hufukia shimo la choo cha zamani. Kinachobaki kisitupwe mtaroni, maana masika yakija maji huingia vyumbani. Gharama ya lori la kukizoa itajwe siku ya kupatana bei, kabla vijana hawajalipwa na kwenda zao.