Je, Mkarafuu Utakubali Arusha? Khabari za Majira ya Mlima wa Meru

Wanachama wenzetu,

Tangu kwisha uchumaji uliopita, wanachama kadhaa wamefika ofisini na swali moja. Wana jamaa zao Arusha, na jamaa hao huwapa khabari kwamba udongo wa huko ni mweusi, una rutuba, na mvua zake ni za kutegemewa. Basi wauliza: kwa nini tusipeleke miche ya mikarafuu tukapande huko? Mmoja amekwisha kutenga fedha za kununulia shamba. Swali ni la maana, na fedha ni za jasho. Kwa hiyo tumeona inafaa tueleze majira ya nchi hiyo, ili kila mtu apime mwenyewe kabla hajafungua mkoba.

Tuanze na yale tunayofanana. Arusha iko mbali na bahari, kiasi cha kilomita 300 na ushei, lakini inatawaliwa na pepo zile zile tunazozijua sisi. Kusi huvuma tangu Aprili mpaka Septemba hivi. Kaskazi hushika tangu Novemba au Disemba mpaka Machi. Baina ya pepo hizo mbili, wakati wa malelezi, ndipo mvua hunyesha kwa wingi. Sababu yake ni jua. Kila mwaka jua hupita utosini mwetu mara mbili, mwezi wa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Linapopita, hewa hupata moto ikapanda juu, pepo za kaskazini na kusini zikakutana, na baada ya wiki chache mvua humwagika. Ndiyo masika ya Machi mpaka Mei, na ndiyo vuli ya Novemba na Disemba. Arusha ni hivyo hivyo: mwezi wa Aprili ndio wenye mvua nyingi, na vuli yao, kama yetu, haina ahadi. Mtu wa Wete na mtu wa Tengeru wakitaja masika, wataja kitu kimoja.

Sasa tuje kwenye tofauti. Tofauti kubwa ni kimo. Vilima vyetu vya Pemba havifiki hata mita 200 juu ya bahari. Mji wa Arusha uko kwenye mita 1,400 hivi, na Mlima wa Meru ulio mgongoni mwake wapanda mpaka mita 4,500 na zaidi. Kanuni ya hewa ni kuwa kila upandapo mita 100, joto hupungua kwa nusu nyuzi na kidogo. Fanyeni hesabu: kwa mita 1,400, Arusha hupungukiwa na nyuzi nane au tisa kuliko sisi wa pwani. Kipupwe chetu chataka shuka nzito tu. Kipupwe cha Arusha, tangu Juni mpaka Agosti, chataka sweta na blanketi. Usiku joto hushuka mpaka kiasi cha nyuzi 12 au 13. Tena kusi huleta mawingu yakakaa mabegani mwa mlima, na ziko siku jua halionekani mpaka adhuhuri.

Mkarafuu si mti wa nchi kama hiyo. Asili yake ni visiwa vya Maluku, nchi ya joto na unyevu, karibu na bahari. Hata Bara, mahali mkarafuu ulipokubali ni kama Muheza katika Mkoa wa Tanga, na Matombo katika Mkoa wa Morogoro, kwenye miteremko yenye joto inayopokea unyevu wa bahari. Kule Meru wakulima wamechagua kahawa na migomba, nao hawakukosea: kahawa ya arabika yapenda baridi ile ile inayoukera mkarafuu. Na tukumbuke kuanika. Kila mwanachama ajua karafuu mbichi zinavyoharibika rangi zikikosa jua. Je, utaanika nini chini ya mawingu ya Julai kule?

Lipo jambo jingine ambalo mnunuzi wa shamba hana budi kulijua. Meru ni mlima mmoja wenye nyuso mbili. Upepo wenye unyevu wa bahari hutoka mashariki na kusini. Ukigonga mlima hulazimika kupanda, ukipanda hupoa, ukipoa huacha maji yake. Ndiyo sababu upande wa kusini na mashariki una msitu, chemchemi na migomba. Ukivuka upande wa pili, upepo washuka umekwisha kumwaga mzigo wake, nayo nchi ni kavu, kama ile ya Oldonyo Sambu, nchi ya malisho. Watu wawili waweza kusema kweli kwamba wana shamba Meru, mmoja akavuna ndizi na wa pili akangoja mvua. Kwa hiyo mtu asiulize tu, "Shamba liko mkoa gani?" Aulize: liko kimo gani, liko upande gani wa mlima, na maji yake yatoka wapi.

Maji hayo hayapotei. Mito ya Themi na Usa huyachukua mpaka mto Kikuletwa, yakaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha Mto Pangani ukayarudisha baharini kwenye mji wa Pangani, ulio karibu kuelekeana na Mkoani kwetu. Mvua iliyotoka baharini hurudi baharini. Mungu ana hesabu zake.

Basi shauri letu ni hili. Mwenye kutaka shamba Arusha, na anunue kwa ajili ya kahawa, ndizi au mboga, baada ya kuliona shamba lenyewe wakati wa kiangazi na si wakati wa masika tu, maana masika hupamba kila nchi. Lakini miche ya mikarafuu isivuke bahari kwenda kufa kwa baridi. Humu kisiwani mna mapengo mengi ilipokufa mikarafuu ya wazee wetu. Mashimo na yachimbwe mapema, na mvua za masika zitakapotulia ardhini, miche ipandwe hapo. Mkarafuu hukawia miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na kila masika yanayopita bila ya kupanda ni mwaka tuliowapunguzia watoto wetu.

Wenu katika kazi,
Ofisi ya Katibu wa Chama