Upimaji wa Programu: Kazi ya Mwanamke Mwenye Jicho Kali

Wazee wengi wa Meru huandika majina yao kwa ritifaa, ile alama iliyo katika neno ng'ombe: M'Mugambi, M'Ikiara, M'Inoti. Machoni pa karani hayo ni majina ya kawaida. Kwa kompyuta mambo ni tofauti. Katika lugha nyingi za kuandikia programu, alama hiyo hiyo huonyesha mahali maneno yanapoanzia na yanapoishia. Programu isiyoandaliwa vyema ikikutana na M'Ikiara hulikata jina katikati, hulikataa, au hukwama kabisa. Karani, kwa nia njema, humwambia mzee aiondoe alama. Siku ya kuchukua mbolea ya ruzuku, jina lililo kwenye mfumo halilingani na la kitambulisho, na mzee anarudi nyumbani mikono mitupu.

Yuko mtu ambaye kazi yake ni kulijaribu jina hilo kabla mzee hajafika dirishani. Huitwa mpimaji wa programu. Ni kazi ya kulipwa, inaweza kufanyiwa Nkubu au Runyenjes kama inavyofanyiwa Nairobi, na haidai mtu awe amehitimu shahada ya kompyuta ndipo aanze. Kwa sababu hizo imekuwa mlango mzuri kwa wanawake wanaotaka kuingia katika teknolojia, wakiwemo waliosomea ualimu, uhasibu au ukarani.

Mpimaji hufanya nini?

Mwandishi wa programu hujenga. Mpimaji huuliza maswali. Chukua fomu ya kulipia ada ya soko kwa simu. Inakubali nambari inayoanza na 07. Je, zile za 01 zilizoanza kutolewa nchini mwaka 2019? Je, mtu akianza na +254? Mama akibonyeza mara mbili kwa sababu mtandao unasuasua, atatozwa mara mbili? Stima ikipotea kabla ya risiti kutoka, pesa ziko wapi? Mpimaji hujaribu hayo moja baada ya jingine. Akipata hitilafu huandika ripoti: alifanya nini, alitarajia nini, nini kilitokea, na kwenye simu ya aina gani. Ripoti nzuri humwezesha mwandishi wa programu kuzifuata hatua zile zile na kuiona hitilafu kwa macho yake. "Haifanyi kazi" si ripoti.

Kosa dogo huweza kutikisa nchi. Katika uchaguzi mkuu wa Machi 4, 2013, kura zilizoharibika zilionyeshwa kwenye ubao wa matokeo kuwa zaidi ya 300,000, na mabishano yakazuka papo hapo kuhusu namna ya kuzihesabu. Baadaye tume ya uchaguzi ilieleza kuwa programu ilikuwa ikizizidisha mara nane. Zilipohesabiwa upya kwa mkono, zilikuwa chini ya 110,000. Hitilafu ya namna hiyo haihitaji mtaalamu mkubwa kuigundua. Inahitaji mtu wa kuingiza kura kumi zilizoharibika, kutazama ubao, na kuuliza kwa nini unaonyesha themanini.

Mafunzo yapatikanayo karibu

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilicho Nchiru na kilichopewa hati mwaka 2013, hufundisha sayansi ya kompyuta. Chuo Kikuu cha Embu, kilichopata hati yake mwaka 2016, nacho hufanya hivyo. Kwa asiye na nafasi chuoni upo mpango wa kitaifa wa Ajira Digital, ulioanza mwaka 2016, unaowafunza vijana kazi za mtandaoni bila malipo. Zipo pia maabara za Jitume katika vyuo vya kiufundi, ambako asiye na kipakatalishi hupata kompyuta na intaneti. Msingi huo hautoshi kumfanya mtu mpimaji, lakini bila huo hawezi kuanza.

Cheti kinachotambulika zaidi duniani ni cha ISTQB, bodi ya kimataifa iliyoundwa mwaka 2002. Mtihani wa ngazi ya msingi una maswali 40 na anayepata 26 amefaulu. Muda ni dakika 60, ila anayeufanya kwa lugha ambayo si yake ya kwanza huongezwa hadi dakika 75. Mtahiniwa aliyekua akizungumza Kimeru au Kiembu asione haya kuiomba nyongeza hiyo. Ni haki yake. Ada yake si ndogo, hivyo ni busara kuusoma mtaala kwanza, maana hutolewa bure mtandaoni, na kufanya mazoezi kabla ya kulipa.

Mlezi ni wa nini?

Mafunzo humfundisha mtu namna ya kuitafuta hitilafu. Kuitetea ni jambo jingine. Msichana mwenye miezi mitatu kazini anapomwambia mwanamume mwenye uzoefu wa miaka kumi kwamba kazi yake ina dosari, jibu la kwanza mara nyingi huwa, "Kwangu inafanya kazi." Wengi hunyamaza hapo, na hitilafu huenda kwa wananchi. Mlezi, yaani mpimaji aliyetangulia, ndiye humwonyesha namna ya kuandika kuhusu programu bila kumgusa aliyeiandika, kuambatisha picha ya skrini, na kurudi na ushahidi mara ya pili bila kugombana. Pia humrudishia ripoti zake zikiwa na masahihisho. Hili la mwisho huudhi, na ndilo linalofundisha kuliko yote.

Njia hii si ngeni Kenya. AkiraChix, shirika lililoanzishwa Nairobi mwaka 2010 na wanawake wa fani hii, huwafunza wasichana wasiojiweza teknolojia bila karo, na ulezi ni sehemu ya mpango wake. Kwa mwanamke wa Siakago au Maua mlezi si lazima awe jirani. Simu ya nusu saa kwa wiki na ripoti zilizosomwa kwa makini huweza kutosha.

Mlezi mwema pia humsukuma mwanagenzi asibaki kubonyeza vitufe miaka mitano. Hatua inayofuata ni kuandika programu zinazopima programu nyingine, kwa zana kama Selenium, ambayo ni ya bure. Hapo ndipo malipo hupanda.

Kuhusu malipo, tahadhari inafaa. Zipo tovuti kama uTest zinazowalipa wapimaji kwa hitilafu zilizokubaliwa, na kujiunga ni bure. Ni mahali pazuri pa kujifunzia, lakini mapato hupanda na kushuka. Mwenye duka asilifunge. Na yeyote anayedai ada ya usajili ili ampe mtu kazi ya upimaji aepukwe.

Jambo jingine ni siri za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa za wananchi, kwa hiyo mfumo wa hospitali haufai kupimwa kwa majina ya wagonjwa halisi. Mpimaji hutumia majina ya kubuni. Orodha nyingi za majina hayo zilitungwa ng'ambo na zimejaa akina John Smith, jina lisilosumbua mfumo wowote. Aliyelelewa hapa huongeza M'Inoti, na Mũthoni mwenye alama yake juu ya u, na mkulima asiyejua siku aliyozaliwa ila mwaka tu.

Anayetaka kuanza anaweza kuanza leo. Achague programu moja iliyo kwenye simu yake, aijaribu kwa jioni tatu, na aandike ripoti tatu zenye hatua zote. Mlezi yeyote wa maana ataomba kuziona hizo kabla ya kuuliza cheti.